Mchezo wa Kusimulia: Somo kwa Mgeni, na Safari ya Kua



Muhula uliopita wazazi wawili walifika shuleni kwa siku mbalimbali, na kila mmoja aliuliza swali lile lile: "Mwalimu, watoto wasema kwamba kila Jumamosi, baada ya usafi, hukaa wakizunguka meza wakivuta vikaratasi kutoka katika kofia. Je, hiyo si kamari?" Nilifurahi kuulizwa, maana mzazi anayeuliza ni bora kuliko jirani anayenong'ona. Nilijibu kwamba katika mchezo huo hakuna anayeweka senti wala anayechukua. Hakuna hata anayeshinda. Hapo mzazi wa pili akacheka, akasema, "Basi mwacheza nini?"

Swali hilo la pili ndilo gumu, na ndilo lililoniketisha niandike somo hili. Naliandika kwa ajili ya mgeni, yaani mtu ambaye hajaucheza mchezo huu wala kuuona. Baada ya maelezo nitatoa safari moja fupi ya kuanzia, ambayo kundi lolote la wanafunzi, au hata mzazi na watoto wake nyumbani baada ya chakula cha usiku, waweza kuicheza bila kununua kitu.

Kila mmoja wetu amesikia ngano. Mtambaji hupaaza sauti, "Paukwa!" nasi hujibu, "Pakawa!" na tangu hapo kazi yetu ni kusikiliza. Sungura akiingia shambani, ameingia. Hatuwezi kumzuia hata kama twauona mtego. Katika mchezo wa kusimulia, mtambaji akifika penye mtego hunyamaza, akakutazama wewe, akasema: "Sungura ni wewe. Wafanyaje?" Na lolote utakalojibu, yeye hana budi kuiendeleza hadithi kutoka hapo.

Tena mchezo huu si sawa na mchezo wa jukwaani. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri na ikachapwa mwaka 1963, anayeigiza Brutus hana budi kumchoma kisu Kaizari, apende asipende, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Mezani petu Brutus aweza kukitupa kisu baharini akaenda kwa Kaizari kumwambia yote. Hapo watu wote mezani hushika vichwa, na hadithi mpya huanza.

Basi mambo ni haya. Mmoja huwa Msimulizi: yeye hueleza mahali, hali ya hewa, watu wanaokutwa njiani na yale yanayotokea. Wengine, watatu au wanne hivi, kila mmoja huwa na mhusika wake mmoja, ambaye humsemea na kumwamulia. Jambo likiwa na shaka, kwa mfano kuruka ufa mpana, basi bahati huamua kidogo na akili huamua zaidi. Wenzetu wa nchi nyingine hutumia dadu zenye pande 6, na nyingine hata pande 20. Sisi twatumia vikaratasi sita vyenye namba 1 hadi 6 ndani ya kofia, navyo vyatosha kabisa.

Mchezo huu una historia, nami nitaipitia upesi. Mwaka 1824 afisa mmoja wa jeshi la Prussia, jina lake Georg von Reisswitz, alitoa kitabu cha mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani. Maafisa waliandika amri zao, na mtu wa katikati, mwamuzi, aliamua matokeo. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1969, kijana mmoja wa Minnesota huko Marekani, David Wesely, aliwaalika rafiki zake kucheza vita ya namna hiyo, lakini badala ya kumpa kila mmoja jeshi, wengi wao aliwapa mtu mmoja mmoja katika mji wa kubuni uitwao Braunstein. Wachezaji wakaanza kunong'onezana, kupatana na kudanganyana, mambo ambayo yeye hakuyapanga. Wesely aliona mchezo umeharibika. Rafiki zake wakamwomba autengeneze mwingine! Mmoja wao, Dave Arneson, akaendelea na mtindo huo, kisha pamoja na Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva, Wisconsin, wakatunga Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 kwa nakala 1,000 tu. Siku hizi michezo ya jinsi hii huchezwa karibu kila pembe ya dunia. Nawaombeni mkumbuke jambo moja tu katika habari hizi: mchezo ulizaliwa siku mipango ya mwenye kuuongoza ilipovunjika. Mimi nilikuwa nimelisoma jambo hilo, lakini sikulifahamu mpaka nilipokosa mwenyewe.

Kosa langu

Mimi ni mtu wa bara. Kazi ndiyo iliyonileta kisiwani. Mwaka jana tulikuwa na kijana wa Kidato cha Kwanza kutoka katika moja ya visiwa vyetu vidogo. Darasani alikuwa hasemi. Akiulizwa husimama, akalitazama dawati, akangoja mpaka mwalimu achoke, kisha akakaa. Walimu wenzangu walisema hajui. Mimi niliona kwamba madaftari yake si ya mtu asiyejua, nikafikiri pengine meza yetu ya Jumamosi itamfungua mdomo. Nikamwita.

Nilianza kwa kumweleza kanuni, na nikazieleza kwa muda wa nusu saa. Aliyekuja kuoga akasomewa kwanza kitabu cha maji. Kisha nikaanzisha hadithi niliyoipenda mimi, yenye msitu, pango na jitu, na mbele ya pango palikuwa na mkono wa bahari wa kuvuka. Nilikuwa nimetayarisha mashua, nahodha mkali, na papa atakayeizunguka mashua mara tatu. Nilipomfikia yule kijana nikamwuliza, "Nawe wafanyaje?" Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Nitangoja maji yapwe, nivuke kwa miguu."

Nikamwambia, "Hapana, bahari ni bahari. Lazima mpande mashua."

Akasema, "Haya, Mwalimu." Hakusema neno jingine siku ile. Wavulana wakubwa wawili wakatazamana, nami sikujua kwa nini.

Jioni nilimkuta mzee mmoja, mwenyeji wa huku, nikamsimulia. Akacheka hata akakohoa. "Mwalimu," akasema, "kwani wewe hujawahi kuona watu wakienda Juani kwa miguu kutoka Chole? Siku za bamvua, maji yakipwa, huvuka wanawake na vikapu vyao kichwani." Kumbe yule mtoto alikuwa amelijibu swali la kweli kwa elimu ya kweli, nami niliikataa kwa sababu nilikuwa nimekwisha mtayarisha papa wangu.

Nimelieleza kosa hili kwa urefu kwa kuwa naona ndilo linalowafukuza wageni wengi kutoka katika mchezo. Mtu aweza kuwa mgeni wa mchezo, lakini si mgeni wa dunia. Anajua jambo fulani: maji, mbuzi, mama mkwe mkali, jinsi ya kupanda mnazi. Msimulizi akiyaweka mambo hayo ndani ya hadithi, mgeni hana haja ya kufundishwa namna ya kucheza. Na jibu lake likikataliwa mara ya kwanza, mara ya pili halitatolewa. Kwa hiyo nilimwomba radhi yule kijana, mbele ya wenzake, maana mbele ya wenzake ndipo nilipomnyamazisha. Kisha nikaichoma karatasi ya pango na jitu, nikatunga safari ambayo ndani yake maji yenyewe ndiyo saa. Nitaitoa hapa kamili.

Vifaa na kanuni

Tafuta kofia, vikaratasi sita vyenye namba 1 hadi 6, njiti sita za kiberiti, na karatasi ya kuchorea ramani.

Kanuni ni nne tu, na mgeni asisomewe. Aelezwe kila moja wakati wake ukifika. Kwanza, mchezaji akitaka kufanya jambo ambalo mtu yeyote hulifanya, alifanye tu. Haivutwi karatasi ya kufungua mlango. Pili, jambo likiwa na shaka, na kushindwa kukiwa na maana, avute karatasi moja: akipata 4, 5 au 6 amefanikiwa. Jambo likiwa katika ujuzi wa mhusika wake aongeze 1 juu ya namba aliyoipata. Tatu, mwenzake akimsaidia, na akaeleza kwa maneno yake namna anavyomsaidia, avute mara mbili akirudisha karatasi ya kwanza, kisha achukue namba iliyo kubwa. Nne, anayeshindwa hafi. Saa moja yapotea, yaani njiti moja inaondolewa mezani, au shida mpya inazuka.

Wapenzi wa hesabu watapenda kuona jinsi msaada unavyofanya kazi. Mtu asiye na ujuzi wala msaidizi ana nafasi 3 katika 6, yaani nusu. Mwenye ujuzi ana nafasi 4 katika 6. Asiye na ujuzi lakini anasaidiwa aweza kuvuta mara mbili kwa njia 36, na katika hizo ni 9 tu ambazo zote mbili ni mbaya; kwa hiyo ana nafasi 27 katika 36, yaani robo tatu. Mnaona basi: rafiki mmoja ni bora kuliko ujuzi. Hesabu ya mwenye ujuzi ambaye pia anasaidiwa nawaachia Kidato cha Pili.

Wahusika ni wanne, kila mtu achague mmoja. Mvuvi anaijua bahari na vyombo, naye ana kamba ya pima tano. Mjukuu wa mganga anajua majeraha na miti, ana kitambaa kirefu na chupa ya maji. Mchunga mbuzi anajua nyayo na wanyama, ana fimbo ndefu. Mwanafunzi anajua kusoma na kukumbuka mambo aliyofundishwa, ana tochi. Kila mchezaji ampe mhusika wake jina, na aseme ni nani nyumbani anayemngoja. Msiliache swali hilo la mwisho, maana mtu ambaye hangojwi na mtu yeyote huwa mjinga wa hatari mezani.

Safari ya Kua

Sehemu hii isomwe na Msimulizi peke yake. Ninyi mtakaocheza, rukeni mpaka penye mazungumzo ya mfano; hayo hayafichui mengi.

Ni saa 3 asubuhi katika kisiwa cha Chole, siku mbili baada ya mwezi mpevu, wakati wa bamvua. Mama mmoja amewajia wachezaji pwani. Mwanawe, kijana wa miaka kumi na miwili, alivuka jana kwenda Juani kuwatafuta mbuzi wawili waliopotea. Hajarudi. Mara ya mwisho alionekana kwenye njia ya magofu ya Kua. Mama anawaomba wakamtafute, naye anataka arudi kabla maji hayajajaa, maana hakuna chombo cha kuaminika mpaka jioni.

Panga njiti sita mbele ya wachezaji. Kila njiti ni saa moja. Siku za bamvua katika pwani yetu maji hupwa kabisa kama saa 4 au 5 asubuhi, na hujaa kabisa kama saa 10 alasiri. Kati ya kupwa na kujaa kina hubadilika kiasi cha meta 3, kupita kimo cha mtu yeyote. Mwambie Mvuvi jambo hili, na yeye awaambie wenzake kwa maneno yake. Kama mchezaji anajua maji kuliko Msimulizi, Msimulizi amsikilize.

Jambo la kwanza ni kuvuka. Sasa maji yangali yanapwa, yafika kiunoni na mkondo una nguvu. Waweza kungoja saa moja na kuvuka kwa miguu bila shaka yoyote. Njiti moja inaondoka. Waweza kuchukua mashua ya mzee aliyeko pwani, lakini maji ni machache, na wakishindwa katika kuvuta watakwama juu ya mchanga, njiti mbili ziondoke. Au wavuke sasa hivi wakishikana kwa kamba. Wakibuni njia ya nne, ikubali.

Jambo la pili ni njia. Ndani ya Juani wanamkuta mzee anayekata miti pembeni mwa shamba. Mzee huyu amemwona kijana. Lakini haelezi kitu mpaka asalimiwe: anayesema "Babu, shikamoo" atajibiwa "Marahaba, wajukuu zangu," na ataambiwa kwamba mtoto alipita jana jioni akifuata sauti ya mbuzi upande wa magofu, na kwamba njia ya pwani yenye mikoko ni fupi lakini ina matope. Wale wanaoanza kwa maswali bila salamu watatazamwa tu. Nimeliweka jambo hili kwa makusudi. Jumamosi ya kwanza kundi moja la wavulana hodari lilipoteza njiti nzima hapa, na wazazi watafurahi kusikia kwamba tangu siku ile hawajasahau. Njia yoyote watakayoishika, kufika Kua ni njiti moja. Ile ya mikoko inaokoa njiti hiyo kama wakifanikiwa kuvuta.

Jambo la tatu ni Kua yenyewe. Hapa Msimulizi asikimbie. Kua ulikuwa mji wa mawe, wenye misikiti, makaburi na nyumba kubwa, uliojengwa kwa matumbawe na chokaa, nao ulishambuliwa na Wasakalava waliokuja kwa vyombo kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, ukaachwa. Leo kuta zimesimama kati ya vichaka na mibuyu, na mizizi imeingia katika mawe. Eleza kimya cha mahali hapo. Eleza kivuli. Kisha wachezaji wasikie sauti nyembamba ya kulia kutoka nyuma ya ukuta, na mara baada yake sauti nyingine, nzito, kama ya mzee anayekohoa.

Ya pili ni mbuzi. Usiwaambie mpaka waende kutazama.

Ya kwanza ni mtoto. Ameanguka katika shimo kavu lenye kina cha kama watu wawili, na kifundo chake cha mguu kimevimba. (Shimo hili nimelitunga mimi, kwa hiyo siku ya ziara msilitafute.) Ana kiu, anaogopa, na anaona haya kwa kuwa amelia. Kumtoa kwahitaji fikira: kamba peke yake haitoshi, maana hawezi kupanda, na mtu mmoja hawezi kumvuta. Mtu wa kumfunga vizuri, mtu wa kuvuta, mtu wa kumtuliza kwa maneno: wote wana kazi. Na wakimtoa wataona amekikamata kitu mkononi. Ni kigae cha sahani ya zamani chenye maua ya buluu, cha namna iliyoletwa pwani hii na biashara ya Bahari ya Hindi. Alikiokota shimoni. Anataka kumpelekea mama yake, ili asigombezwe.

Wachezaji wafanyaje? Mwanafunzi aweza kukumbuka kwamba vitu vya magofu vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kwamba kitu kikiondolewa mahali pake wanaochimba historia hawawezi tena kujua kilikuwa cha nani. Lakini mtoto ana miaka kumi na miwili, mguu wamwuma, na alilala usiku mzima peke yake na kigae hicho. Msimulizi asiamue. Kundi moja lilimwamuru akirudishe, akarudisha huku analia. Kundi jingine liliazima kalamu ya Mwanafunzi likamchorea yale maua katika karatasi, akampelekea mama mchoro. Kundi la tatu lilibishana mpaka njiti ikaondoka.

Jambo la nne ni kurudi. Hesabu njiti. Zikiwa zimebaki tatu au zaidi, wanavuka kwa miguu, wakimbeba mtoto. Zikiwa zimebaki mbili, maji yafika kifuani, na kumbeba mtu ni kuvuta karatasi kwa kila aliye chini yake. Ikiwa imebaki moja, au haikubaki kitu, mkondo ni mkali na hapavukiki kwa miguu. Hapana budi kuwasha moshi, kupiga kelele, au kumrudia mzee wa shambani kumwomba hifadhi mpaka jioni, na mama atangoja ng'ambo bila habari. Hilo la mwisho si kushindwa. Lakini usilipite bila kuwauliza: ni nani anayewangoja ninyi nyumbani?

Mfano wa mazungumzo

Haya ni mazungumzo yetu yalivyokuwa, kadiri niyakumbukavyo, yule kijana alipoketi mezani mara ya pili. Alikuwa Mvuvi.

Msimulizi: Sauti ile inakohoa tena, ng'ambo ya ukuta. Mchunga, wafanyaje?

Mchunga mbuzi: Nakimbia!

Msimulizi: Unakimbia hadi kwenye mbuyu, unageuka, wenzako hawakukufuata. Mwanafunzi, nawe?

Mwanafunzi: Nawasha tochi.

Msimulizi: Ni mchana.

Mwanafunzi: Naiwasha hata hivyo.

Msimulizi: Sawa, imewaka. Mvuvi, wewe wafanyaje?

Mvuvi: (Baada ya kimya.) Natazama njiti. Zimebaki nne. Mwalimu, hii ni saa 5?

Msimulizi: Ndiyo, saa 5.

Mvuvi: Basi maji yanageuka sasa. Nawaambia, tukikaa hapa kuogopa kohozi mpaka saa 8, tutaogopa maji. Mimi napanda ukutani kutazama.

Msimulizi: Kupanda ukuta uliobomoka kuna shaka. Uvute karatasi.

Mchunga mbuzi: Ngoja! Narudi. Namwekea fimbo yangu akanyage.

Msimulizi: Basi mara mbili.

Alivuta 2, kisha 5. Alipanda, akamwona mbuzi, akaanza kucheka kabla sijasema kitu, na wenzake wakamwuliza kwa hamu, "Nini? Umeona nini?" Akawaeleza yeye mwenyewe, kwa sauti, jinsi mbuzi alivyosimama juu ya kaburi akikohoa kama mjumbe wa nyumba kumi. Mimi sikuwa nimemweleza mbuzi kwa namna hiyo. Niliuacha mdomo wangu umefungwa.

Mnaona katika mfano huu kwamba Msimulizi alimwuliza mgeni mwisho, baada ya wengine wawili kusikika. Msimwanze mgeni, asikie kwanza mwenzake akikimbia na mwenzake akiwasha tochi mchana, ajue kwamba hapa hakuna jibu la aibu. Wala msimnong'oneze la kufanya. Wachezaji wa zamani wana ugonjwa huo, wa kutaka kumsaidia mgeni mpaka anakuwa mkono wao wa pili. Akikaa kimya, ngojeni. Mimi huhesabu kimoyomoyo hadi ishirini, na mara nyingi jibu huja kwenye kumi na tano.

Safari nzima yachukua kiasi cha saa moja na nusu. Wachezaji wakiwa zaidi ya watano, gawanyeni meza. Na wale wanaonisihi kila wiki kwamba tutunge ya Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyozamishwa katika Rufiji mwezi Julai 1915 kwa msaada wa ndege zilizoruka kutoka kisiwani kwetu, nasema tena: hiyo yahitaji kusoma kwanza, na Kidato cha Tatu wanajua ni kitabu gani bado hawajakirudisha.

Yule kijana sasa yuko Kidato cha Pili. Darasani bado si msemaji mkubwa, lakini akiulizwa hujibu, na mara nyingine huuliza. Mwanzo wa muhula huu aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nane. Ilikuwa ni ramani ya mlango kati ya Chole na Juani, mahali pa mchanga na mahali pa mwamba, na nyuma yake ameandika safari yake mwenyewe: jahazi limepakia nazi, kusi limeanza mapema, na nahodha ameumwa. Katika ramani yangu alikuwa amesahihisha mambo matatu kwa kalamu nyekundu. Jumamosi ijayo yeye ndiye Msimulizi, nami nimepewa mhusika, mpishi wa jahazi, asiyejua kuogelea. Nafasi mbili ziko wazi kwa wageni. Njooni na kofia, na tafadhali kila mtu aje na njiti zake, maana jikoni wamekwisha lalamika.